"Hatuuzi": kura ya mkono kwenye mnada wa korosho, na kwa nini mji na kijiji hawaisomi sawa

Oktoba ikiingia, mnada wa korosho huanza kuzunguka kusini mwa Tanzania. Wiki hii Newala, wiki ijayo Tandahimba. Na huko Masasi, Nanyumbu, Ruangwa, Nachingwea na Liwale kila chama kikuu cha ushirika kina ratiba yake. Watu hukaa chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, bei zinasomwa kwa kipaza sauti, kisha afisa anauliza: "Wanaoafiki bei hii wanyooshe mikono." Siku bei ikiwa nzuri mikono inapanda yenyewe. Siku ikiwa mbaya panakuwa na ukimya kidogo, halafu mtu mmoja wa nyuma anasema na wengine wanaitikia: "Hatuuzi."

Habari hiyo ikifika Dar es Salaam jioni inakuwa sentensi moja tu: wakulima wa kusini wamegoma. Neno hilo linapotosha tangu mwanzo. Anayegoma ameacha kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mkulima wa mnadani ameulizwa swali na watu wenye mamlaka ya kuuliza, juu ya mali ambayo bado ni yake, naye amejibu.

Inafaa kukumbuka jinsi swali la namna hiyo lilivyo adimu. Mtanzania wa Bara hupiga kura kuchagua watu: mwenyekiti wa kijiji, diwani, mbunge, rais. Kupiga kura juu ya jambo lenyewe, ndiyo au hapana, ni nafasi ambayo hajaipata. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ilipangwa kufanyika Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika, na haikufanyika tena. Wazanzibari walipiga ya kwao Julai 31, 2010, kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Kwa mkulima wa Kitangari au Mahuta, basi, mahali anapoulizwa ana kwa ana kama anakubali au anakataa jambo linalogusa mfuko wake ni pale chini ya mwembe. Ndiyo maana anaishikilia ile hapana kwa nguvu ambayo mtu wa mjini anaiona imepitiliza.

Makala hii inaeleza kura hiyo inavyofanya kazi, hesabu iliyo nyuma yake, kilichotokea mwaka 2018 hapana ilipokuwa kubwa kuliko zote, na mahali inapokwama.

Kabla ya mkono kunyooshwa

Korosho inapita mikono mingi kabla ya kufika mnadani. Mkulima anaokota, anatenganisha na bibo, lile tunda lake, anaanika juani siku mbili tatu mpaka ukizitikisa kiganjani zinalia. Unyevu unaotakiwa ni usiozidi asilimia 10. Ikizidi hapo, ndani ya gunia korosho hutoa joto, kiini kinabadilika rangi, na ndani ya wiki chache ukungu unaingia.

Anazipeleka kwenye chama cha msingi, ambacho kila mtu anakiita AMCOS. Karani anapima, anatoa uzito wa gunia lenyewe, anaandika risiti yenye jina, kilo na daraja. Kuanzia hapo korosho za mwanakijiji mmoja zinachanganywa na za jirani zake, zinapakiwa kwenye lori na kwenda ghala kuu. Hatua hii ndogo ina uzito mkubwa baadaye: kama jirani aliwahi kuleta mbichi ili awahi foleni, mzigo wa wote unashuka ubora.

Ghala kuu mkaguzi anachota sampuli kutoka magunia kadhaa, anapima kilo moja, anakata korosho moja moja katikati kwa mkasi wake. Viini vyeupe vinakaa upande huu. Vilivyosinyaa, vyenye madoa na vilivyooza vinakaa upande ule. Matokeo yanatamkwa kwa ratili za kiini zinazopatikana kwenye gunia la kilo 80. Mzigo wa ratili 50 una kiini kilo 22.7 hivi, yaani zaidi kidogo ya robo ya gunia. Kinachobaki ni ganda. Mnunuzi analipia namba hiyo. Mkulima anayetaka kuelewa kwa nini mzigo wa AMCOS yake umepata bei ya chini kuliko wa kijiji cha pili aanze kuuliza ratili, ndipo aje kwenye siasa.

Baada ya ukaguzi mwendesha ghala anatoa stakabadhi. Mfumo huu unatokana na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza Mtwara msimu wa 2007/08. Chama kikuu kinapanga mizigo kwenye orodha ya mauzo: ghala gani, tani ngapi, daraja gani. TANECU inauza ya Tandahimba na Newala. MAMCU ya Masasi, Nanyumbu na Mtwara. RUNALI ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Lindi Mwambao ya ukanda wa pwani ya Lindi. Kwa miaka mingi wanunuzi walitumbukiza bahasha kwenye sanduku la zabuni, likafunguliwa mbele ya watu. Tangu msimu wa 2024/25 mauzo yanapita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na wakulima wanaziona bei zikipanda kwenye skrini.

Hapo ndipo swali linaulizwa. Jibu likiwa ndiyo, mnunuzi anapewa siku chache za kazi alipe, fedha zinakwenda chama kikuu, zinashuka AMCOS, zinaingia kwenye akaunti ya mkulima. Likiwa hapana, mzigo unabaki ghalani mpaka mnada unaofuata.

Bei ya kilo na kinachobaki

Mtu wa mjini anasoma bei ya mnada kama anavyosoma bei ya sukari. Imetoka 2,600 ikawa 2,300: imepungua mia tatu, asilimia 11 na ushee. Inauma, lakini wafanyabiashara wote hupata msimu mbaya, kwa hiyo wauze waendelee na maisha. Kosa la hesabu hiyo linaonekana ukiingia shambani.

Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi inayoshauriwa na watafiti wa Naliendele, mita 12 kwa 12, inakuwa kama 28 kwenye ekari moja. Maua yanapotoka, kati ya Juni na Agosti, ugonjwa wa ubwiriunga unakuja: unga mweupe kwenye shada, kisha ua linakauka na kuwa jeusi. Kinga yake ni salfa ya unga, robo kilo kwa mti mkubwa kwa kila mzunguko, kila baada ya siku 14, mizunguko mitatu hadi mitano. Kwa mizunguko mitano ekari moja inakula kilo 35. Hata salfa ikija kwa ruzuku, haijipulizi yenyewe. Mpuliziaji anabeba mashine mgongoni saa kumi na moja alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, upepo ukiwa haujaanza. Analipwa kwa mti. Petroli ya mashine inanunuliwa. Palizi inafanywa, na kabla ya mavuno chini ya miti pafyekwe tena pawe safi, la sivyo korosho zinazodondoka zinapotea kwenye majani. Kisha kuna waokotaji.

Tuchukue mfano wa kuelezea tu. Ekari ina miti 28, kila mti umetoa kilo 10, jumla kilo 280. Bei ya mnada ni 2,600, makato yote kwa jumla tuseme 240, mkulima anabaki na 2,360 kwa kilo: 660,800 kwa ekari. Gharama za mwaka mzima tuseme zilikuwa 400,000. Kimebaki 260,800. Sasa bei ya mnada ishuke kwa mia tatu. Gharama zilishalipwa tangu Julai, hazishuki. Mkulima anapoteza 84,000 kwenye ekari hiyo, na kile alichokuwa abaki nacho kinapungua kwa karibu theluthi moja.

Asilimia 11 mjini, theluthi kijijini. Wote wawili wamesoma bei ileile na wote wamepiga hesabu sahihi. Na fedha hii inaingia mara moja kwa mwaka. Mwenye duka la Masasi aliyekosa leo atauza kesho. Mwenye mikorosho aliyekosa mwaka huu anasubiri hadi maua mengine.

Ongeza mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye taarifa ya habari. La kwanza ni unyaufu, upungufu wa uzito unaotokea korosho zikiendelea kukauka au zikihamishwa kutoka AMCOS kwenda ghala kuu. Kwenye tani 100, unyaufu wa asilimia moja ni kilo 1,000. Kwa bei ya 2,600 ni shilingi milioni 2.6 ambazo lazima zitoke kwa mtu. La pili ni kangomba. Mwananchi mwenye mgonjwa Agosti, au mtoto anayetakiwa kuripoti shule, huuza korosho zikiwa bado maua: anapewa fedha kidogo, anaahidi kilo. Siku ya mnada korosho si zake tena, ingawa jina kwenye risiti linaweza kuwa lake. Sheria inakataza biashara hiyo na kila msimu kuna operesheni za kuikamata, lakini itaendelea kuwepo maadamu mwenye njaa ya Agosti hana mahali pengine pa kukopa.

Mwaka 2018

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema. Uzalishaji wa nchi ulipita tani 313,000 na bei kwenye baadhi ya minada ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Bati zilinunuliwa, pikipiki zilinunuliwa, na watu walipanga mwaka uliofuata kwa kuangalia bei ile.

Juni 2018, bungeni Dodoma, ukaja mjadala ambao kijijini ulifuatiliwa kwenye redio kama mpira. Korosho ghafi inapotoka nchini hutozwa ushuru: asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, yoyote iliyo kubwa. Lengo lake la awali lilikuwa kusukuma ubanguaji ufanyike hapa. Sheria ya Tasnia ya Korosho ilielekeza asilimia 65 ya fedha hizo zirudi kuendeleza zao, yaani pembejeo, utafiti, miche na mengineyo, na asilimia 35 ziende Hazina. Marekebisho ya mwaka huo yakapeleka zote Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini, wa CCM na wa upinzani, walisimama upande mmoja kupinga. Wakashindwa kwa wingi wa kura.

Kwa nini jambo la kibajeti liliwaka namna ile? Kisheria ushuru unalipwa na msafirishaji. Lakini msafirishaji anapoandika zabuni yake anaanza na bei atakayopata Vietnam au India, anatoa meli, anatoa ushuru, anatoa faida yake, na kinachobaki ndicho anachoandika. Chukua tani yenye thamani ya dola 1,600: asilimia 15 ni dola 240. Kwa thamani ya shilingi ya wakati ule ni kama shilingi 550 kwa kila kilo. Asilimia 65 yake ni kama 355. Mkulima wa Nanyamba hakuhitaji mchumi kumwambia kwamba zile 355 zilitoka kwenye mkorosho wake. Alichouliza ni kwa nini hazirudi hata kama salfa.

Mtu wa Dar es Salaam au Dodoma aliona jambo jingine, na haki yake isikilizwe: ushuru ni kodi, kodi zote zinaingia mfuko mmoja, na mfuko huo ndio unaojenga barabara na kulipa walimu wa nchi nzima, kusini ikiwemo. Kama kila zao litajiwekea fedha zake pembeni, mikoa isiyo na zao la kusafirisha itaishi kwa nini? Hoja hiyo ina mantiki. Udhaifu wake ni kwamba korosho bila salfa inaanguka ndani ya msimu mmoja, na ushuru unaanguka nayo. Aliyefuta mgawo alihesabu mapato ya mwaka ule bila kuhesabu maua ya mwaka uliofuata.

Kisha Oktoba ikafika. Bei ya viini duniani ilikuwa imeshuka, wanunuzi waliungua msimu uliotangulia na wakaja waoga. Minada ya kwanza ilileta zabuni nyingi zilizokuwa chini ya shilingi 3,000, nyingine chini ya 2,000. Newala na Tandahimba wakajibu: hatuuzi. Hapana ikaenea. Mwishoni mwa Oktoba minada ikasimama, wanunuzi wakaitwa Ikulu, na Novemba 12, 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi la Wananchi litazisomba. Malori ya jeshi yakaonekana kwenye barabara za vumbi za Tandahimba.

Hapo kijiji kilionekana kimeshinda, na kwa bei kilishinda kweli. Yaliyofuata yanasimuliwa mara chache. Malipo yalitanguliwa na uhakiki, ili wanunuzi wa kangomba wasilipwe kwa mgongo wa wakulima. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitembelewa shambani, miti ikahesabiwa. Wapo waliolipwa ndani ya wiki chache, wapo waliosubiri hadi mwaka mwingine ukafika katikati, maua mapya yakiwa juu ya mti na mfukoni hamna petroli ya mashine. Serikali nayo ilibaki na maghala yaliyojaa wakati mavuno ya Afrika Magharibi yakiingia sokoni, na mkataba wa kuuza tani 100,000 uliosainiwa Januari 2019 ulivunjika. Uzalishaji wa msimu huo ulikuwa kama tani 225,000, pungufu sana ya msimu uliotangulia.

Mji wa kusini uko upande gani

Mtu wa mbali hudhani mstari unapita kati ya Mtwara mjini na vijiji vyake. Haupiti hapo. Mwalimu wa Masasi ana ekari kumi Lukuledi. Fundi simu wa Newala anasubiri malipo ya mama yake ili alipwe deni. Mwenye gesti, mwenye bodaboda, muuza vitenge, wote wana msimu mmoja, na msimu huo ni korosho. Halmashauri zenyewe zinaishi kwa ushuru wa mazao wa asilimia 3; mnada ukiahirishwa wiki tatu, zahanati iliyoanza kujengwa inabaki kwenye lenta. Diwani wa kata ya mjini anataka korosho ziuzwe hata kesho, diwani wa kata ya shamba anataka zisubiri, na kwenye baraza wanakaa viti vinavyopakana.

Mstari mkubwa unapita mahali pengine: kati ya pale mali inapotoka na pale uamuzi juu yake unapofanyika. Ndiyo maana mambo ya gesi yaliunganisha mji na shamba. Desemba 2012 maandamano ya Mtwara yaliwakusanya watu wa Shangani na watu wa vijijini kwa kauli moja, "Gesi haitoki", wakipinga bomba la zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam. Mei 2013, baada ya bajeti ya nishati kusomwa, mji ukawaka moto na watu wakafa. Mwezi mmoja kabla yake, Aprili 2013, Liwale nyumba zilichomwa kwa sababu ya korosho: malipo ya pili yalikuja pungufu mno ya yale wakulima waliyoyatarajia, na hasira ikawageukia viongozi wa ushirika na wa chama tawala waliokuwa karibu. Uchaguzi wa 2015, majimbo kama Mtwara Mjini, Tandahimba, Liwale na Mchinga yakachagua wabunge wa CUF, chama cha upinzani. Kuna la mji hapo, kuna la shamba, na yamekwenda pamoja.

Liwale ina funzo ambalo wanaosimamia ushirika wanapaswa kulibandika ukutani. Pale hapakuwa na mtu aliyeuliza "mnaafiki?" Wakulima walipokea malipo ya kwanza, wakaahidiwa ya pili, bei ikashuka katikati, na taarifa ikawafikia ikiwa imeshakuwa uamuzi. Hapana ya mkono mnadani, pamoja na usumbufu wake wote kwa wanunuzi na Hazina, ni jambo la amani. Inapoondolewa, haiondoki, inahamia barabarani.

Mahali hapana inapokwama

Hata hivyo kura hii ina mipaka, na wanaoipenda ndio wanaopaswa kuieleza.

Mpaka wa kwanza ni kalenda. Korosho ya kusini inaingia sokoni Oktoba hadi Januari, wakati Afrika Magharibi, Ivory Coast ikiwa mbele, wamemaliza mzigo wao. Viwanda vya Vietnam na India vina njaa, na hiyo ndiyo nguvu ya Mtwara. Kuanzia Februari mavuno ya kule yanaanza, na mnunuzi hana haraka tena. Kukataa mnada wa kwanza au wa pili kunaweza kuleta nyongeza. Kukataa Desemba, mvua zimeanza, magunia yako ghalani na barabara inateleza, mara nyingi kunaleta bei ya chini zaidi na korosho iliyopoteza ratili.

Wa pili ni taarifa. Mkulima anaulizwa kama anaafiki 2,600 bila kuambiwa korosho ya ubora huohuo inauzwaje bandarini wiki hiyo, shilingi inabadilishwaje, ushuru ni kiasi gani. Anachokuwa nacho ni bei ya mwaka jana, na ndiyo iliyowaponza wengi mwaka 2018: waliona 4,000 kama bei ya kawaida. Msimu wa 2024/25 bei zilipofungua juu ya 4,000, kumbukumbu hiyo ilijiandika upya. Karatasi moja iliyobandikwa AMCOS siku mbili kabla ya mnada, yenye bei ya bandarini, thamani ya dola na makato yote hadi shilingi ya mwisho, ingefanya kazi kuliko hotuba ya saa nzima siku yenyewe. Mahesabu ya kurudi nyuma ni rahisi: thamani ya tani bandarini kwa shilingi, toa asilimia 15, toa ghala na usafiri wa hapa nchini na faida ya mnunuzi, gawa kwa elfu. Kinachopatikana ndicho kipimo cha kujua zabuni ni ya uonevu au ni soko lenyewe. Kumbuka tu kwamba thamani ikishuka chini ya dola 1,067 kwa tani, zile dola 160 zinakuwa kubwa kuliko asilimia 15, na mzigo wa ushuru kwa kilo hauendelei kupungua pamoja na bei.

Wa tatu unauma kuusema. Anayemudu kusubiri ndiye mwenye sauti kubwa ya kukataa. Mwenye ekari 20 na duka anaweza kungoja wiki tatu. Mjane mwenye magunia mawili hawezi, na mara nyingi hayupo hata uwanjani, kwa kuwa mnada uko kata ya nne na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni bei ya kilo kadhaa. Hapana iliyopigwa na wengine inamfikia nyumbani kama njaa, na mtu wa kangomba anamfuata mlangoni jioni ileile. Wanawake wanaookota na kuanika korosho hizo ni wengi. Mikono inayonyooshwa chini ya mwembe ni ya wanaume zaidi.

Na wa nne ndio mkubwa. Mnadani mkulima anaulizwa juu ya kitu ambacho kwa sehemu kubwa kinaamuliwa na viwanda vya Vietnam. Makato, ambayo yanaamuliwa hapa nyumbani, hayaulizwi pale. Mjengeko wa bei, yaani orodha ya makato hayo, hupangwa kwenye mkutano wa wadau kabla ya msimu, ambako mkulima anawakilishwa na viongozi wa chama kikuu. Na mambo ya AMCOS yenyewe, yaani makisio ya mapato na matumizi, ukomo wa madeni, nani asombe mzigo na kwa shilingi ngapi kwa kilo, unyaufu uliotokea mwaka jana ulimwangukia nani, yanapitishwa kwenye mkutano mkuu wa chama kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Shilingi 30 zilizopunguzwa kwenye makato ni shilingi 30 za uhakika, hazingojei meli. Kwa mwenye kilo 1,000 ni elfu thelathini, kila msimu, bila kumwambia mnunuzi yeyote hatuuzi.

Ili upige kura hiyo lazima jina lako liwe kwenye daftari la wanachama, uwe umelipa kiingilio na hisa. Wengi wanaouza kupitia AMCOS hawamo. Wanadhani risiti ya mizani ni uanachama. Waliomo wana haki ya kusomewa taarifa ya ukaguzi wa hesabu, inayofanywa na COASCO, shirika la serikali la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au mkaguzi aliyeidhinishwa, na kuuliza kila mstari wake. Tangazo la mkutano hubandikwa kwenye mlango wa ofisi, kwa kawaida miezi ambayo watu wako kwenye palizi. Kikao kinaanza saa nne, kinafunguliwa kwa dua na salamu za wageni, na ajenda ya makisio inafikiwa jua likiwa limeshapita utosini na nusu ya wanachama wamekwenda kutafuta maji. Mwenyekiti anauliza kama wajumbe wanaafiki. Waliobaki wananyoosha mikono.